Nimelipa kiingilio Kaya Kinondo, nikaonyeshwa miti

Basi la kutoka Voi hadi Mombasa sina la kusema, joto na viti vibovu kama kawaida. Kilio changu kinaanzia Ukunda, maana mwenye boda aliona begi mgongoni akajua huyu mgeni, bei ikapanda mara mbili palepale, tukabishana weee akapunguza kidogo, kidogo sana.

Kaya Kinondo ni msitu wa Wadigo karibu na bahari, mmoja wa zile kaya, yaani misitu mitakatifu, za Mijikenda zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2008. Ukishalipa (si haba!) unafungwa kaniki kiunoni, kofia unavua, mzee anakusomea masharti: hakuna kukata, hakuna kutoka na hata jani, hakuna kubusiana humo ndani. Haya, tukaingia.

Sasa mimi nilijiandaa kuona vitu. Vyungu, mikuki, chochote chenye kibandiko. Kumbe ni miti tu bana, mbega wanaruka juu, mbu chini, mti mmoja mkubwa tukaambiwa tuukumbatie, nikaukumbatia, basi. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia mzee samahani, vitu vyenyewe viko wapi?

"Vitu gani mwanangu?"

Vya wazee wa kale.

"Wazee wenyewe wamo humu, wewe wataka vyungu vyao?"

Akaketi kwenye mzizi na hapo safari ikasimama. Akasema watu walikuwa wakiishi ndani ya kaya, msitu ukiwazunguka adui asiwafikie, walipohama makaburi yakabaki na fingo, ile kinga ya kaya iliyozikwa, ikabaki ardhini, ndiyo maana mti haukatwi, wazee wa kaya hawakungoja mtu wa wizara awaambie. Halafu akaniuliza, hivyo vitu unavyovitaka si ndivyo vilivyoibiwa ndugu zetu Wagiriama? Alikuwa anasema vigango. Mtu wa Gohu, chama cha wazee wa heshima wa Kigiriama, akifa huchongewa nguzo, ndiyo kigango, inasimamishwa hapo na haing'olewi, hata jamaa wakihama inabaki, mchwa wakiila wameila. Vijana wakaanza kuving'oa usiku wakawauzia wenye maduka ya watalii, vikaishia makavazi ya Marekani vimewekewa taa na kioo. Makavazi ya Denver yalikubali kurudisha 30, na hiyo safari ya kurudi ikachukua miaka.

Nikamuuliza vikisharudi viwekwe wapi? "Vilipotoka." Na mchwa je? "Mchwa wana kazi yao."

Hapo sikukubaliana naye na bado sikubali, ukikirudisha bomani bila mlinzi mwizi si atarudi tena? Lakini njia nzima hadi feri ya Likoni nilikuwa nawaza kwetu Taita tu. Sisi tuna mapango ya mafuvu, mtu alikuwa akizikwa, baadaye fuvu linafukuliwa linawekwa pangoni pamoja na ya ukoo wake, na ulikuwa huendi pale bila mzee na bila sababu. Siku hizi kijana anapanda na simu anapiga selfi na babu wa mtu. Hakuna kaniki, hakuna wa kumwambia vua kofia.

Nikampigia baba mdogo kutoka kwenye feri, nikamwambia na sisi tuweke masharti pale pangoni, tuweke na mzee wa kulinda. Akasikiliza mpaka mwisho akasema wazo zuri sana, sasa huyo mzee atalipwa na nani, wewe uliyeko Voi?

Nikamwambia mtandao unasumbua.