Tola, greni na Webley ya shem

Ukipita Mtaa wa Indira Gandhi ukanikuta nimezima pangaboi na jasho linanichuruzika, usidhani umeme umekatika. Napima. Upepo wa pangaboi unatikisa kisahani cha mizani, na kwenye dhahabu hata sehemu ndogo ya gramu ni hela ya mtu. Nilidhani ushamba huu wa kukaa bila feni ni wetu sisi masonara peke yetu, mpaka shem alipoanza kunieleza anavyojaza risasi.

Shem ni kaka yake mke wangu, yuko Ohio miaka mingi. Kule anashindana kulenga shabaha kwa bastola za kale, na risasi zake anazijaza mwenyewe gereji kwake: ganda lililokwisha kutumika analisafisha, analirudisha kwenye umbo lake, anaweka fataki mpya, anapima baruti, anakandamiza juu kichwa, kile kipande kinachoruka. Simu zetu za Jumapili siku hizi hazina habari nyingine. Mke wangu akisalimiana na kaka yake huwa ananikabidhi simu na kwenda zake jikoni.

Tulichoshikana nacho ni uzani. Wao hupima baruti kwa greni, na sonara aliyelelewa kwenye tola greni anazijua: tola moja ni greni 180, yaani gramu 11.66. Kichwa cha kawaida cha risasi ya Webley, bastola ya Kiingereza aliyo nayo shem, kina greni 265, kama tola moja na nusu hivi. Nilipomwambia alicheka. “Shem, ingekuwa dhahabu ningeshauza nyumba.”

Bastola yenyewe ni Webley Mark VI, toleo ambalo jeshi la Uingereza lilianza kulitumia mwaka 1915, vita vya kwanza vikiwa vimepamba moto. Unasukuma kitasa cha pembeni kwa dole gumba, mtutu unainama mbele, na maganda yote sita yanainuka kwa mpigo. Nimeona video zake nyingi na bado sijachoka kuangalia kipande hicho.

Shida ni chakula chake. Risasi yake ya asili ni .455, namba ikiwa ni unene wake kwa inchi, na ni adimu. Baada ya vita vya pili Webley nyingi ziliuzwa Marekani, na wauzaji wakaona wazichonge nyuma ya silinda, lile gurudumu linalobeba risasi, ili zipokee risasi ya Kimarekani ya .45 ACP, ambayo kule unaipata kila duka la silaha. Inaingia vizuri, inalia vizuri, mnunuzi anaondoka ameridhika. Sasa sikia hesabu yake. Shinikizo la .45 ACP linaruhusiwa kufika pauni 21,000 kwa kila inchi ya mraba. Ile .455 iko kwenye 13,000 hivi. Silinda ile haikutengenezwa kwa mzigo huo, na umri wake umepita miaka mia. Ya shem nayo imechongwa, kwa hiyo risasi ya dukani haiipi hata moja. Watu wakisikia mtu anajaza risasi mwenyewe hudhani anatafuta nguvu. Huyu anatafuta upole, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu pekee yenye akili ya kuhangaika na kazi hii.

Kilichonikamata kabisa ni kile kichwa. Katika Webley nyingi, matundu ya silinda mbele ni membamba kuliko mtutu wenyewe. Kichwa kinabanwa kwanza, halafu kinaingia kwenye mtutu kikiwa kimepwaya. Kikipwaya hakishiki mifuo iliyochongwa ndani, hakizunguki sawasawa, kinakwenda kinakotaka. Waingereza walilitatua hili kwa kukiacha na shimo chini, kama kikombe kilichopinduliwa. Baruti ikiwaka, gesi inasukuma zile kingo nje, kichwa kinatanuka na kujaza mtutu. Ni madini laini tu, yamefanyiwa akili.

Shem anavimimina mwenyewe, madini ya risasi na bati kidogo, kwenye kalibu yenye msumari katikati wa kutengeneza hilo shimo. Safari moja alinitumia picha ya vichwa vyenye mikunjo ubavuni, analalamika kwamba madini yake ni mabaya. Sikuhitaji maelezo. Nikamwambia, kalibu yako haijapata moto, vya mwanzo rudisha vyote chunguni. Dhahabu na risasi ni mbingu na ardhi kwa joto, lakini kalibu baridi ni kalibu baridi. Sisi tunasafishia kwa tinkali, yeye anatupia kipande cha nta.

Kwenye baruti hana utani. Kipimo chake ni kidogo, hakifiki hata nusu ya ganda, maana yake ukijisahau ukatia mara mbili, yote inaenea na juu huoni kitu. Mara mbili ndiyo inayopasua silinda. Basi anapanga maganda kwenye kibao chenye matundu, anachukua tochi, anachungulia moja moja kabla ya kuweka kichwa. Mezani kunakaa kopo moja tu la baruti. Redio imezimwa. Ukimpigia muda huo hapokei, hata uwe mama mkwe.

Kuna jamaa dukani ananiuliza kila mara mbona nisianze hapahapa Dar. Ndugu yangu, kwetu silaha na risasi zina sheria yake, ile ya mwaka 2015, na ni mambo ya vibali. Mimi nibaki na pete na vipini.

Tunachobishana mpaka leo ni mizani. Yake ni ya digitali, na gereji ikipata joto namba zinaanza kutembea. Nikamuuliza unajuaje kama inasema kweli? Kimya. Mimi Wakala wa Vipimo wanakuja, wanakagua mizani na mawe yake, na kila asubuhi naweka jiwe kabla sijaweka mali ya mtu. Ameagiza mawe sasa. Ila ya digitali bado anaitetea.