Sketi Yangu ya Kwanza na Mshono Usiokuwamo Katika Pateni

Sketi niliyoimaliza Jumapili iliyopita ina mshono katikati ya upande wa mbele, unaoshuka kutoka kiunoni hadi kwenye upindo, na mshono huo haumo katika pateni niliyoifuata, yaani michoro ya karatasi ya kukatia vipande vya nguo. Wanaoitazama hudhani ni mtindo. Hapa nitaeleza ulikotoka.

Nilichagua sketi inayopanuka kidogo kuelekea chini, yenye zipu nyuma, kwa sababu vipande vyake ni vichache: kimoja cha mbele, viwili vya nyuma, na vipande vyembamba vya kumalizia kiuno kwa ndani. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshona foronya mbili na mfuko mmoja tu, yaani mistari iliyonyooka. Nilidhani kazi kubwa ingekuwa kwenye cherehani, kumbe siku mbili za mwanzo sikuigusa kabisa.

Pateni yenyewe ilikuwa ya kuchapisha nyumbani, karatasi 24 za A4 zinazounganishwa kwa utepe wa gundi. Kwenye karatasi ya kwanza kuna mraba wa sentimita 5 ambao mtu anatakiwa aupime kabla ya kuchapisha zinazofuata. Mimi niliupima baada ya kuzichapisha zote, nikakuta sentimita 4.8, kwa kuwa printa ilikuwa imepunguza ukurasa ili utoshee kwenye karatasi. Milimita 2 zinaonekana si kitu, lakini ni asilimia 4 ya kipimo, na kwenye nyonga za sentimita 100 upungufu huo unakuwa sentimita 4 nzima. Nilichapisha upya. Saizi nayo ilinisitisha, maana jedwali la vipimo liliniweka saizi mbili juu ya ile ninayonunua dukani, na ilinibidi nijikumbushe kwamba futi ya kupimia haina sababu ya kunisengenya.

Kitambaa kilikuwa cha pamba. Nilikifua na kukipiga pasi kabla ya kukikata, ili kikipenda kurudi kirudi kikiwa bado kitambaa wala si sketi. Kisha nikakikunja mara mbili, kingo mbili za kiwandani zikutane, na kuhakikisha kwamba mshale uliochorwa kwenye kila kipande cha pateni unakwenda sambamba na kingo hizo, yaani unafuata nyuzi za mtande. Nilipima umbali kutoka kwenye ukingo hadi kila ncha ya mshale, nikarudia, nikajisifu kwa umakini wangu, halafu nikakata.

Hapo ndipo nilipokosea. Pateni ya kipande cha mbele huchorwa nusu tu, na upande mmoja wa nusu hiyo lazima ulazwe juu ya mkunjo wa kitambaa, ili kikikunjuliwa kipande kiwe kimoja kamili. Vipande vya nyuma vinakatwa viwili kwa sababu zipu inapita katikati yao, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kuvikata hivyo, niliulaza na ule wa mbele upande wa kingo zilizo wazi. Nilipoinua mkasi nilikuwa na nusu mbili za mbele zisizoshikana, na kitambaa kilichobaki hakikutosha kukata kingine.

Kuziunganisha nusu hizo kulikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa kwamba kwenye mkunjo pateni haiachi nafasi ya mshono, kwa hiyo mshono wa sentimita 1.5 kila upande ungeila sketi sentimita 3. Nilikaa na kalamu kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, hadi nikatambua kwamba mishono miwili ya pembeni ina kingo nne kwa jumla, na kwamba nikishona kila ukingo kwa sentimita 0.75 badala ya 1.5, ninazirudisha sentimita 3 zile zile. Kiuno kilitoka sawasawa na pateni. Kilichohama ni mishono ya pembeni, ambayo sasa imesogea mbele kidogo, na kwa sababu hiyo haikutani na mishono ya kipande cha ndani cha kiuno. Aliyeivaa tu ndiye anayejua.

Zipu niliishona mara tatu. Mara mbili za kwanza niliitegemea pini, na kila mara upande mmoja uliteleza na kutangulia mwenzake pale kiunoni, nikafumua. Mara ya tatu niliipiga bandi kwa mkono kwanza, yaani mishono mirefu ya muda ya kuishikilia, kazi ya dakika 15, na cherehani ikapita juu yake bila ubishi. Tangu hapo pasi imekaa karibu nami kuliko mkasi, kwa maana mshono ambao haujapigwa pasi kabla ya kuvukwa na mwingine huacha uvimbe usioondoka tena.

Upindo niliukunja kwa mkono jioni moja, baada ya kuitundika sketi usiku mzima ili pale kitambaa kilipokatwa mshazari pajivute pote panapotaka kujivuta. Pateni nimeihifadhi ndani ya bahasha, na kwenye ule mstari wa mkunjo nimepitisha kalamu nyekundu mara mbili. Mkato unaofuata utakuwa wa kitambaa cha buluu, na safari hii nimenunua nusu mita ya ziada.