Siku niliyovaa wetisuti halafu nikaivua

Maji yalikuwa digrii 17 asubuhi ile. Kocha alishaingiza kipimajoto mara 2 maana hata yeye alishangaa, wiki iliyotangulia tulikuta 20. Mimi niko pale ukingoni na begi langu, ndani kuna wetisuti, lile vazi la mpira linalobana mwili kukupa joto majini, nimeazima kwa mwenzangu wa kikundi chetu cha kuogelea, na mpango ulikuwa niogelee kilomita 2 ziwani kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa bwawa tu, maji ya digrii 28 na mstari mweusi chini unakuongoza.

Sasa nivae au nisivae? Usiku kucha nilikuwa na swali hilo. Kikundini kuna mama mmoja tulikuwa tunamwita Dada Mkubwa, yeye anaingia na vazi la kawaida la kuogelea, kofia na miwani, basi. Ndiye aliyenisimulia habari za Matthew Webb aliyevuka bahari kutoka Uingereza mpaka Ufaransa mwaka 1875, na Gertrude Ederle mwaka 1926 mwanamke wa kwanza kuivuka bahari hiyo, yeye akitokea Ufaransa, na kwamba mpaka leo wanaovuka pale kwa kanuni za asili hawavai wetisuti. Iliniingia sana hiyo. Nikataka na mimi niyasikie maji kwenye ngozi.

Kocha akaniambia, "Mdogo wangu, huyo Dada Mkubwa alianza maji yakiwa ya moto akashuka nayo wiki hadi wiki, mwili umezoea. Wewe una wiki ngapi?" Nikamwambia 3. Akasema kwenye triathloni, yale mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, maji yakishuka chini ya 16 hivi wetisuti inakuwa lazima, kwa hiyo 17 yetu ni ya kuamua mwenyewe, ila kilomita 2 kwangu ni kama dakika 50 majini na maji yanakunyonya joto haraka kuliko hewa mara 20 na zaidi. Nikavaa.

Kuivaa tu ni kazi jamani, nilikwenda robo saa. Zipu ikafungwa mgongoni, nikaona imebana shingoni nikajiambia ndivyo zinavyokuwa. Nikaingia. Mwanzoni raha kweli, ile neopreni, mpira wa suti, ina vipovu vya hewa ndani kwa hiyo inakuinua, miguu yangu ambayo siku zote inazama ikapanda yenyewe juu. Halafu mita kama 150 hivi nikaanza kukosa pumzi, mikono mizito, kila nikiinua bega suti inanivuta chini, na ile shingo inakaba, nageuka kuvuta hewa naona haifiki, moyo unakwenda mbio na chini ni giza tupu hakuna mstari wala nini. Niliogopa sana, nasema ukweli. Nikalala chali, nikashika boya langu, nikapunga mkono, na kocha aliyekuwa kwenye kayaki akafika. Akaniambia nivute kola ya shingo maji yaingie kidogo. Nikavuta, pumzi ikarudi, tukarudi taratibu.

Nchi kavu akaniangalia akaona tatizo palepale. Suti ndogo kwangu, halafu sikuipandisha vizuri kutoka miguuni, pale kati ya mapaja palibaki nafasi, kwa hiyo mabega ndiyo yaliyokuwa yanabeba mvuto wote. Mimi muda wote nilikuwa nabishana baridi au sio baridi, na hakuna hata dakika moja niliyojiuliza kama vazi lenyewe ni la mwili wangu.

Nikaomba niingie tena bila wetisuti. Akakubali kwa masharti, dakika 12, sambamba na ukingo, Dada Mkubwa pembeni yangu. Tuliingia kwa kutembea, maji yakafika kifuani nikashtuka pumzi ikakatika, naye akawa ananiambia toa hewa, toa hewa, usianze kuogelea mpaka upumue vizuri. Kama dakika 2 hivi ikatulia. Halafu nikaogelea, na mabega yalikuwa huru, na ngozi inawaka kama imepakwa mentholi, sijawahi kusahau.

Nilivyotoka nilijiona mzima kabisa, nikaanza kupiga stori. Dada Mkubwa akanikatisha, "Vaa kwanza, stori baadaye." Dakika kama 10 mbele nikaanza kutetemeka mpaka meno, maana mwili ndani unaendelea kupoa hata ukiwa umeshatoka majini. Akanifunika koti lake tukakaa.

Jioni niliisuuza suti ya watu kwa maji baridi, nikaigeuza nje ndani nikaianika kivulini kama mwenyewe alivyoniagiza. Ya kwangu nilinunua miezi 2 baadaye, na kabla sijalipa nilisimama nayo mwilini robo saa nzima pale dukani, nazungusha mikono.