Adui mwenye shajara ya steringi

Jumapili, usiku. Garcia Flynn tena.

Mabanda ya video yalitufundisha kwamba kila picha ina steringi na adui, na anayeingia kachelewa huuliza moja tu: adui ni yupi? Kwenye Timeless, tamthilia iliyoanza kurushwa na NBC ya Marekani Oktoba 2016, jibu mwanzoni ni rahisi. Flynn, anayeigizwa na Goran Višnjić, anavamia maabara, anaiba mashine ya kusafiria wakati na kukimbilia Lakehurst, New Jersey, tarehe 6 Mei 1937. Ndiyo siku meli ya anga Hindenburg ilipowaka moto ikitua, watu 36 wakafa. Flynn anafanya nini? Anaizuia ajali. Anataka meli itue salama, ipakie abiria wazito wa safari ya kurudi Ulaya, halafu ndipo ailipue. Yaani tendo la kwanza la adui kwenye historia ni kuokoa watu. Waandishi wametuonyesha kadi yao mapema, na wengi wetu hatukuiona.

Watu husema Flynn anahurumiwa kwa sababu mkewe Lorena na bintiye Iris waliuawa. Sikubaliani. Mke aliyeuawa ni dawa ya dukani, kila mwandishi anayo, na hata Wyatt, askari wa upande wa wema, kapewa kidonge hichohicho. Kinachomfanya Flynn asieleweke ni mwema au mwovu ni sheria ya mashine yenyewe: huwezi kwenda wakati ambao tayari ulikuwa hai. Familia yake iliuawa 2014. Hawezi kurudi jana yake akafunga mlango kwa komeo. Njia fupi imezibwa, imebaki ndefu: kuufuata mto hadi kwenye chemchemi, huko kwa Rittenhouse, chama cha siri kilichoamuru mauaji. (David Rittenhouse alikuwepo kweli, mwanaastronomia wa Pennsylvania na mkurugenzi wa kwanza wa kiwanda cha sarafu cha Marekani, 1792. Chama ni cha kutunga.) Na kati ya chemchemi na mlango wa nyumba yake kuna karne mbili za watu ambao hawakumkosea lolote. Sheria inayomnyima jema dogo ndiyo inayomsukuma kwenye ubaya mkubwa. Ukitaka kuandika adui wa aina hii, anza na sheria, machozi yatafuata yenyewe. Ukianza na machozi, sehemu ya tatu mtazamaji atauliza kwa nini asirudi tu akawaokoa, na hutakuwa na jibu.

Sehemu ya 8 ya msimu wa kwanza, Julai 1969. Watu wake wamezivuruga kompyuta za NASA, wanaanga wa Apollo 11 wako mashakani. Yeye mwenyewe yuko kwingine kabisa, anamtembelea Maria Thompkins, mama yake, ambaye bado hajamzaa. Maria ana mtoto, Gabriel, na siku hiyo nyuki atamuuma na mzio utamuua. Flynn kaja na sindano ya adrenalini tayari. Anamchoma, mtoto anapumua. Kwa sheria ya mashine hana kosa, kwa kuwa mwaka huo yeye hajazaliwa. Hakuna risasi, hakuna hotuba. Ni mtu aliyebeba sindano moja kuvuka miongo ili mama yake asije kulea akiwa na kidonda.

Sasa iweke kando ya sehemu ya 13. Wyatt anamshawishi Rufus, rubani wa timu yake, waiibe Lifeboat, ile mashine kuukuu ya viti vitatu, waende 1983 kuwazuia wazazi wa muuaji wa mkewe wasikutane. Mwanamume wanayemzuia anakufa kwa bahati mbaya. Wanarudi, na mke huyo, Jessica, bado ni marehemu. Dhambi ni ileile ya Flynn, kipimo tu ndicho kidogo. Ila Wyatt muziki unamsindikiza kama steringi.

Sehemu ya 10 ndiyo mizani yenyewe. Mwaka 1780, Flynn na timu ya kina Wyatt inayomwinda wako upande mmoja kwa mara ya kwanza, na David Rittenhouse anauawa. Anabaki mwanawe John, mtoto. Flynn anamwelekezea bastola, na kwa hesabu zake yuko sahihi: huyo ndiye atakayerithi chama. Lucy, mwanahistoria wa timu, anasimama katikati. Mtoto anakimbia. Hasira zote za Flynn zinamrudia Lucy, anamteka.

Msimu wa pili ulimpunguza makali. NBC iliifuta tamthilia Mei 2017, ikageuza uamuzi baada ya siku chache, ikatoa sehemu 10 tu. Katika nafasi hiyo finyu Flynn anatolewa gerezani na kuketi meza moja na aliowawinda, akirusha vijembe. Vijembe vizuri, sikatai. Lakini huyu ndiye aliyempiga risasi Lincoln katika sehemu ya 2, na deni hilo halidaiwi ipasavyo. Kumsamehe adui kunahitaji muda wa skrini, na muda ndio uliokosekana.

Hitimisho la Desemba 2018 linalipa sehemu ya deni. Flynn anakwenda peke yake 2012, wakati aliokuwa hai, anamuua Jessica, ambaye Rittenhouse walibadili historia wakamrudisha hai akiwa mtu wao, ili Rufus, aliyeuawa mwishoni mwa msimu wa pili, aishi. Anairudisha mashine tupu. Mwili haustahimili kuvunja ile sheria, anafia hukohuko.

Kisha São Paulo, 2014. Flynn mfiwa, mlevi, hana mpango wowote. Lucy anamletea shajara, ileile aliyoiandika kwa mkono wake, ambayo Flynn ataitumia kama ramani ya kila shambulio. Lucy anajua yote yaliyomo: Hindenburg, Lincoln, na dada yake Amy atakayefutika asiwahi kuzaliwa. Anaikabidhi. Nyumbani kawaacha mapacha wake wawili wa kike. Mmoja anaitwa Amy, wa pili Flynn.