Jua la Bibi na Godoro la Sufi

Binti yangu kaanika soksi zake za shule dirishani, kwa ndani, nyuma ya kioo, kwa sababu nje kuna vumbi la ujenzi. Mwalimu kawaambia jua linaua vijidudu. Nikamwambia kioo cha dirisha kinazuia sehemu kubwa ya ile miale yenye makali. Akaniuliza nimejulia wapi. Nilitaka kusema kitabuni, lakini somo la kwanza nililipata uani kwa Bibi, Ngamiani, mjini Tanga.

Ilikuwa baada ya harusi ya Shangazi. Mnajua nyumba ya harusi: ndugu wa Pangani, ndugu wa Muheza, ndugu ambao hakuna aliyejua ni wa nani, wote walilala kwetu na mabunda yao. Walipoondoka, kunguni walibaki. Nikawa najikuna usiku kucha, Bibi akisingizia mbu, mpaka alipoona vidoadoa vya damu kwenye shuka lake mwenyewe.

Dawa ya Bibi ilikuwa jua. Nguo za mgonjwa, jua. Mto wa kikojozi, jua. Ubao wa kuparia samaki, jua. Na kaskazi ilikuwa imekolea, lile jua la Januari ambalo hata mbuzi wa Barabara ya 12 hulikimbia. Tukatoa kila kitu uani: magodoro, mito, mikeka, vitanda vya kamba tukaviegemeza ukutani. Bibi akaketi kibarazani na upepeo wake, akifukuza kuku.

Adhuhuri imepita kidogo, akaingia jirani kurudisha sinia. Sote tukimwita Mama Nesi, ingawa alishastaafu.

"Shikamoo Bi Mkubwa. Mmehama?"

"Marahaba mwanangu. Tunawachoma wageni."

Mama Nesi hakucheka. Akaliendea godoro langu, akaniita. "Weka kiganja hapa juu." Nikaweka, nikakitoa mbio, palikuwa panaunguza. "Sasa kipitishe chini." Chini palikuwa na ubaridi kama ubavu wa mtungi. Nilikiacha kiganja pale, nikishangaa, maana godoro lilikuwa juani tangu asubuhi. Akachomoa ujiti wa chelewa kwenye fagio, akaligeuza godoro upande, akaupitisha ujiti taratibu ndani ya pindo la mshono wa chini. Akatoka kunguni. Mnene, wa kahawia, akatembea juu ya kitambaa bila haraka yoyote, akageuka alipokutana na mwanga, akarudi kuelekea pindoni.

Tukamtazama wote watatu. Kuku naye akasogea.

"Huyo kachelewa kufa," Bibi akasema.

Akatoka wa pili, na nyuma yake wadogo weupeweupe. Bibi akaacha kujipepea.

"Jua silikani, Bi Mkubwa," Mama Nesi akasema, sasa kwa sauti ya chini, maana jirani wa pili alikuwa akisikiliza. "Wodi ya kifua kikuu tulikuwa tunafungua madirisha wazi, jua na hewa viingie. Lakini jua linaua linapogusa. Humu ndani haligusi."

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Waingereza wawili, Downes na Blunt, ambao mwaka 1877 waliandika kuwa mirija yao ya majimaji iliyoachwa juani ilibaki safi, na iliyofunikwa kwa bati la madini ya risasi ilichafuka kwa bakteria. Nikamkumbuka Mama Nesi na ujiti wake. Kunguni, hata hivyo, si bakteria. Yeye humalizwa na joto: nyuzi 50 humuua upesi, yai lake linataka zaidi kidogo. Ngozi ya juu ya godoro huenda ikafika huko, ila sufi hupitisha joto kwa shida, na mdudu huyu ana miguu. Pakiwaka juu, anahamia chini. Na hata ukimfungia chumba, anaweza kukaa miezi bila kula, akikungoja.

Bibi hakujibu neno. Alinigeukia mimi: "Mume wangu, koka moto."

Jioni ile tulimwaga maji yanayochemka kwenye matendegu, mifumbati na kila fundo la kamba. Mashuka yalichemshwa kwenye sufuria la pilau, lile lile la harusi, jambo ambalo Shangazi hakuambiwa. Magodoro yalitobolewa, sufi ikatolewa na kuchambuliwa juani kwa matabaka membamba, yakashonewa vitambaa vipya. Usingizi ukarudi.

Kwa majirani Bibi alisema jua la mwaka ule lilikuwa kali sana. Mama Nesi alikuwepo aliposema hivyo, akaitikia, "Kali kweli, Bi Mkubwa." Sijui hadi leo kama Bibi alikuwa ameshawishika au alikuwa anamlipa jua fadhila zake za zamani. Kunguni wachache walionekana tena baada ya Idi. Bibi aliwalaumu ndugu wa Pangani.