Nne mbili na vizibo vya jirani

Kijana wangu wa pili amepata mchezo wa poka kwenye simu, ule wa pesa za bandia, na juzi akaniuliza bila kuinua macho: "Papa, mbona simu inaniambia nitupe nne mbili? Si zimefanana?" Nikamwambia aangalie kwanza mwenzake amebakiwa na kiasi gani. Hakuelewa, nami sikuendelea, maana akili ilikuwa imeshahama, iko Nguba, mtaa wa Bukavu, kwa shemeji, mwaka wa 2021.

Habari yenyewe mnaijua. Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei, lava ikaishia karibu na uwanja wa ndege wa Goma, kisha ardhi ikawa inatetemeka usiku na mchana. Tarehe 27 sisi wa Goma tukaamriwa kuhama. Wengine walishika njia ya Sake, wengine wakavuka Rwanda, sisi tukapata boti ya Bukavu.

Kwa shemeji watu walikuwa wengi kuliko magodoro. Mchana ni simu tu: nani ameona nyumba yangu, ukuta umepasuka au bado? Usiku, bugali na sambaza, vidagaa vya ziwani, vikishaliwa, shemeji alitoa karata. Dada yangu alikuwa na ndoo ya vizibo vya chupa alivyowakusanyia watoto wa kuhesabia. Kila mchezaji alitoa faranga kidogo, akapewa vizibo 200, na dau la lazima, linalowekwa kabla ya karata kugawiwa, likawa vizibo 2 kwa kubwa na 1 kwa dogo. Kila mtu hupewa karata mbili za siri, na nyingine tano hufunuliwa mezani kwa wote.

Maana yake kila mtu alianza na mara 100 ya dau kubwa. Ukiwa na kina hicho, yaani vizibo vingi hivyo kuliko dau, unaweza kuzilipia hata karata za kubahatisha: mbili ndogo zilizofanana, au saba na nane za kopa. Mara nyingi hazileti kitu, unatupa, umepoteza kidogo. Siku zikikubali, mwenye asi mbili anakulipa mpaka kizibo cha mwisho kwa sababu haoni ulichoficha. Aliyetufafanulia hayo ni mzee mmoja mstaafu wa forodha, mhamishwa kama sisi, mtu asiyeweza kuona rundo la kitu bila kulihesabu. Ukishika mbili zilizofanana, alisema, ya tatu huja katika karata tatu za kwanza za mezani kama asilimia 12 ya nyakati, mara 1 kati ya 8 au 9. Kwa hiyo ukilipa vizibo 8, lazima kuwe na vingi sana vya kuja kuchukua. Zile za kopa ni mbaya zaidi ukitaka haraka: kopa tano kukamilika hapo hapo ni chini ya mara 1 kati ya 100.

Umeme ukakatika, tukawasha mshumaa. Nikapewa nne mbili.

Jirani yangu wa Majengo, mtaa wetu wa Goma, aliyekaa kabla yangu, akapandisha dau mpaka vizibo 8. Usiku huo ulikuwa umemtafuna. Nikavitazama vilivyobaki mbele yake. Alikuwa amevipanga vitano vitano, minara sita, na viwili vimelala pembeni, kimoja kimepinda meno. Kando yake aliweka funguo za nyumba yake, shada zima pamoja na ufunguo wa kufuli la jiko, na kila akiwaza alizisogeza kidogo, kama nazo ni sehemu ya dau. Thelathini na viwili. Mimi mbele yangu nilikuwa na karibu 180, na mkono ukaniwasha kulipa, 8 ni nini kwa mwenye 180? Lakini vyangu havikuwa na maana. Kwa huyu nisingeweza kuchukua zaidi ya alichonacho: 32, na 8 alivyokwisha kuweka, na vile 3 vya lazima. Jumla 43, kwa kulipa 8, kwa kitu kinachokuja mara 1 kati ya 8 au 9: havitoshi. Tena hapo unadhani atakulipa kila mara. Mzee wa forodha alinitazama kwa chini, akijua ninachohesabu. Jirani akasogeza funguo.

Nikatupa.

Shemeji, aliyekuwa nyuma yangu na rundo kubwa kuliko sote, akalipa kama anavyolipa kila kitu. Mezani zikaja mfalme, tisa, na nne.

Sijui uso wangu ulifanya nini, ila mzee alikohoa. Jirani akaweka vyote, shemeji akafuata na mfalme wake, jirani akafunua asi mbili, na hakuna kilichobadilika mpaka karata ya mwisho. Jirani akavuta vizibo 81. Zilizofuata nazipita: baadaye nililipa kwa tano na sita za kopa dhidi ya shemeji, tukiwa wote na vingi, halikuja lolote, na nikalala mtupu. Kwa hesabu ya mzee nilicheza vizuri mara zote mbili.

Shemeji hakubali. Alipojua nilichotupa alisema: "Ulihesabu vizibo vya jirani. Vyangu je? Nilikuwa nyuma yako, na mfalme mkononi, ungeninyonya mpaka mwisho." Na hapo ana hoja, maana kwa yeye kina kilikuwepo. Nikamjibu kwamba alikuwa hajaweka kitu zaidi ya dau la lazima, angeweza kutupa, au angepandisha na kunifukuza. Akasema, lini uliniona natupa? Tukampelekea mzee shauri. Akavua miwani, akasema faili hilo halina karatasi za kutosha.

Mgogoro umebaki. Mwaka Mpya shemeji akipiga simu, salamu kwanza, kisha nne mbili. Dada ameshaniomba nisimjibu, kwa sababu mumewe akianza habari hiyo chakula kinapoa.