Nilivyoishika kozi ya falsafa ya Ulaya kwa kusoma barua na pingamizi

Kozi ya falsafa ya Ulaya ya karne ya 17 na 18 inaogopwa, na si bure. Semesta moja inakupitisha kwa Descartes, Spinoza, Locke, Leibniz, Berkeley na Hume, na muda ukibaki, Kant. Wenzangu wengi waliishika kwa kukariri makundi mawili: hawa wanaosema maarifa hutoka kwenye akili, wale wanaosema hutoka kwenye tajiriba. Mimi niliishika kwa kuwasoma watu hawa wakijibizana, na naamini njia hiyo inawatendea haki, kwa sababu ndivyo walivyofanya kazi.

Descartes alipotoa Tafakuri zake mwaka 1641, hakuzitoa peke yake. Zilikuwa zimepitia kwanza mikononi mwa wasomi, akina Hobbes, Arnauld na Gassendi, na pingamizi zao zikachapwa pamoja na majibu yake. Basi nilipomaliza tafakuri moja nilizitafuta pingamizi zake kabla ya kugusa nyingine. Kwenye daftari, ukurasa wa kushoto niliandika hoja hatua kwa hatua. Wa kulia, nani anaipinga na kwa nini.

Lakini aliyenifumbua macho hasa ni Elisabeth wa Bohemia, binti mfalme aliyeishi uhamishoni The Hague baada ya baba yake kupoteza ufalme. Mei 1643 alimwuliza Descartes: unasema nafsi ni kitu kinachofikiri tu, hakina urefu wala upana. Mwili nao, ili usogee, lazima usukumwe, na kusukuma ni kugusa. Sasa nafsi inausogezaje mwili? Descartes alijibu kwa mfano wa uzito, namna tunavyoudhania kuwa unalivuta jiwe chini bila kuligusa. Elisabeth hakuridhika. Mwezi uliofuata aliandika kwamba ni rahisi zaidi kwake kukubali kuwa nafsi ina ukubwa kuliko kukubali kwamba kitu kisicho na mwili kinausogeza mwili. Katika barua hiyohiyo anaeleza kwamba mambo ya ukoo wake yanambana, hapati muda wa kutafakari. Nilimheshimu sana hapo. Amebanwa hivyo, na bado ameuona ufa ambao mfumo mzima umesimama juu yake.

Kiingereza cha karne ile kinachosha. Nilisaidiwa mno na matini alizoziandaa Jonathan Bennett kwa Kiingereza cha leo, zinazopatikana bure mtandaoni, barua hizi zikiwemo. Nilikwenda kuziprinti steshenari, maana kwenye simu hazisomeki vizuri: hoja za namna hii zinataka urudi nyuma kila mara, upige mstari, uandike pembeni.

Kwa wengine nilifanya vivyo hivyo. Ethica ya Spinoza (1677) imepangwa kama jiometri, kwa hiyo nilitangulia kusoma barua zake na Blijenbergh, mfanyabiashara wa nafaka wa Dordrecht aliyemkaba kuhusu uovu. Leibniz nilimfuata katika mabishano yake ya 1715 na 1716 na Clarke, mwanafalsafa Mwingereza. Hume nilimwanza kwa muhtasari mfupi wa kitabu chake alioutoa mwaka 1740 bila kuweka jina lake.

Kisha yuko Anton Wilhelm Amo, ambaye kwa kweli hafai kuachwa nje ya mtaala. Alizaliwa karibu na Axim, katika Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto, akasoma na kufundisha katika vyuo vikuu vya Ujerumani. Mwaka 1734, huko Wittenberg, alitetea tasnifu inayosema kwamba nafsi ya binadamu haihisi. Kuhisi ni kwa mwili. Humo anamnukuu Descartes kutoka kwenye majibu yaleyale kwa Elisabeth, kwamba nafsi iliyoungana na mwili hutenda na kutendwa pamoja nao. Amo anakubali kutenda, anakataa kutendwa, yaani nafsi kuathiriwa na mwili. Kwa kuwa barua zile nilikuwa nimezisoma, nilijua mara moja anabishana na nini.

Kwenye UE, mtihani wa chuo wa mwisho wa semesta, niliandika juu yake. Nilidai kwamba Amo ametatua nusu tu: nafsi bado inautuma mwili, kwa hiyo swali la Elisabeth liko palepale. Tena, mkono ukiungua, nafsi isiyohisi inajuaje? Mhadhiri wangu hakukubaliana na hoja ya pili. Anasema kujua kwamba umeungua ni kazi ya ufahamu, si ya hisia. Mimi bado namwuliza: ufahamu huo unapokea nini kutoka mkononi, na kwa njia gani?